Mauaji katika nyumba ya tajiri wa sukari: jinsi ya kuandaa karamu ya fumbo ya enzi ya Regency

Swali: Shikamoo. Ninaishi Bristol, Uingereza. Mwezi Novemba natimiza miaka 40 na nataka kuwaalika watu 12 kwa chakula cha usiku, wote wavae mavazi ya enzi ya Regency, tucheze fumbo la mauaji. Nusu ni Watanzania na Wakenya, nusu ni Waingereza ninaofanya nao kazi. Nilinunua mchezo uliokwisha kuandikwa, lakini wahusika wote ni malodi na mabibi zao, na kisa chenyewe kingeweza kutokea mahali popote. Sebule yangu ni ndogo, fedha si nyingi, baadhi ya wageni hawanywi pombe, na wawili wanaona haya kusema mbele za watu. Nianzie wapi? Na sisi Waafrika tuwe nani humo?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kutimiza miaka hiyo. Nitaanza na swali lako la mwisho, maana ndilo litakalokupa kisa kizuri kuliko hicho ulichonunua.

Enzi ya Regency ni miaka michache tu. Inaanza Februari 1811, Mfalme George III alipozidiwa na maradhi na mwanawe akashika utawala kwa niaba yake, na inaisha Januari 1820 mfalme huyo alipofariki. Waafrika walikuwapo Uingereza miaka hiyo yote, na si kama watumishi peke yake. George Bridgetower, mpiga fidla ambaye baba yake alikuwa mtu mweusi, alifadhiliwa tangu utotoni na huyohuyo mwana wa mfalme, akapiga muziki na Beethoven mjini Vienna mwaka 1803, na mwaka 1811 akapata shahada ya muziki Cambridge. Bill Richmond alizaliwa utumwani Staten Island, Marekani, akawa bondia mwenye jina na mwalimu wa ndondi wa mabwana wa London. Paul Cuffe, mwana wa baba Mwashanti aliyekuwa mtumwa na mama wa kabila la Wawampanoag, wenyeji asilia wa Marekani, aliingia bandari ya Liverpool mwaka 1811 akiwa na meli yake mwenyewe na mabaharia weusi, watu wakamiminika kumtazama. Kulikuwa pia na wapiga ngoma weusi katika vikosi vya jeshi, mabaharia waliotoka vitani, na mabinti wa matajiri wa Jamaika waliozaliwa na mama weusi wakapelekwa Uingereza kusoma.

Kwa hiyo mpe mgeni wako mmoja nafasi ya mpiga fidla, mwingine mwalimu wa ndondi, mwingine nahodha mwenye meli yake, na dada mmoja awe mrithi kutoka Jamaika ambaye fedha zake zinatamaniwa na kila bwana chumbani. Usitumie majina ya watu hao wa kweli, maana wahusika wako watasema uongo na kushukiwa kuua. Chukua hali zao tu. Baada ya hapo wala usijali nani ana rangi gani. Mkenya akitaka kuwa mjane wa baroneti (mwenye cheo kilicho chini ya lodi), awe. Mwenzako wa kazini Mwingereza akitaka kuwa mpishi, awe. Nina sharti moja tu ambalo silegezi: asiwepo mgeni wa kuigiza mtumwa ili wengine wafurahi. Wala usiufiche utumwa, kwa sababu katika mji wako ndio uliolipia mapazia na vyombo vya fedha.

Na hapo ndipo kisa chako kinapolala. Nenda Great George Street, nyumba namba 7. Ni makumbusho sasa, lakini ilijengwa karibu mwaka 1790 kwa ajili ya John Pinney, aliyetajirika kwa mashamba ya miwa katika kisiwa cha Nevis, Karibi. Alikuja Bristol pamoja na Pero, mtumwa aliyemnunua akiwa mtoto, na Pero aliishi katika nyumba hiyo, akafariki mwaka 1798. Daraja la waenda kwa miguu pale bandarini lina jina lake. Tembea vyumba vyote: ona jiko lilivyo mbali na meza ya chakula, ona ngazi anazopita mtumishi asionekane, simama kwenye chumba cha kusomea. Ukitoka humo utakuwa na ramani ya mauaji.

Kasoro ya mchezo ulionunua umeitaja mwenyewe: kisa kingeweza kutokea popote. Fumbo la Regency linanoga pale ambapo sababu ya kuua, njia ya kuua na ushahidi wote vinatoka ndani ya sheria na vitu vya wakati ule. Ukiyaondoa magauni na kisa kikabaki vilevile, basi magauni yalikuwa mapambo tu.

Ningekuwa mimi, ningechagua Novemba 1816. Mlima Tambora, huko Indonesia ya leo, ulilipuka Aprili 1815, na mwaka uliofuata Ulaya ya magharibi haikuona kiangazi cha maana. Mvua ilinyesha mfululizo, mavuno yakaharibika, bei ya mkate ikapanda. Hii inakupa kitu ambacho kila mwandishi wa mafumbo anakitafuta: sababu ya wageni kukwama nyumba moja. Barabara ya Bath imejaa maji, hakuna gari la farasi litakalopita, na aliyeua hajaondoka. Vita na Napoleon vilikuwa vimeisha Juni 1815, kwa hiyo maofisa wengi wamerudi nyumbani kula nusu mshahara. Aprili 1816 watumwa wa Barbados waliinuka dhidi ya mabwana wao, na habari zile zimewatia hofu wenye mashamba. Mwezi Mei mwaka huohuo Beau Brummell, mtanashati aliyekuwa akiwafundisha mabwana wa London namna ya kuvaa, alikimbilia Ufaransa kuwakwepa wanaomdai. Unaona jinsi chumba kinavyojaa watu wenye wasiwasi kabla hata hujatunga chochote.

Sasa amua nani amekufa. Watu hupenda kumuua mwenye nyumba. Mimi nakushauri umuue wakili wake. Wakili ndiye anayetunza karatasi za kila mtu, na miaka ile karatasi moja iliweza kummaliza mtu. Mwanamke aliyeolewa hakuwa na mali yake kisheria; fedha alizoingia nazo zilikuwa za mume, isipokuwa kama kuna mkataba uliofungwa kabla ya ndoa, na mkataba huo uko kwa wakili. Msichana aliye chini ya miaka 21 hakuweza kuolewa Uingereza bila idhini ya baba au mlezi wake, ndiyo maana wapenzi walitorokea Gretna Green, Uskoti, ambako sheria ilikuwa nyingine. Mdaiwa aliweza kutupwa gerezani kwa deni tu. Na biashara ya watumwa ilipigwa marufuku mwaka 1807 kwa adhabu ya faini, lakini sheria ya 1811 iliifanya kuwa jinai: aliyepatikana na hatia aliweza kupelekwa ng'ambo kwa nguvu miaka 14. Tajiri wa sukari aliyeweka fedha zake kwa siri katika meli ya watumwa baada ya mwaka huo ana sababu kubwa ya kutaka barua fulani iungue.

Gawa siri hizo. Mwenye nyumba ni huyo tajiri wa sukari. Mkewe anautafuta mkataba wake wa ndoa. Mrithi wa Jamaika ana miaka 20 na miezi 10, na ofisa mmoja wa nusu mshahara, asiyekuwapo usiku huu, amemshawishi watoroke. Nahodha amekuja kuisaka barua ya meli, na hakuja kwa chakula. Mpiga fidla ana barua za mapenzi za mama mmoja wa heshima aliyemo humohumo. Mwalimu wa ndondi anajua nani alipoteza fedha kiasi gani kwenye kamari. Mjane wa baroneti ameuza almasi za ukoo na shingoni amevaa vioo. Mchungaji ameandika ndoa ambayo haikufungwa. Muuza dawa ana daftari la aliyenunua afyuni. Mtanashati kutoka London anasema amekaa Bath majuma mawili kwa ajili ya afya yake. Mpishi anaogopa kuliko wote, na ameficha barua. Wa 12 awe karani wa marehemu, kijana anayejua kila faili liko wapi lakini hakuna anayemwuliza.

Hofu ya mpishi ina historia ya kuhuzunisha ambayo ningependa uisome kwa sauti usiku huo. Machi 1815, jijini London, familia moja iliugua baada ya kula madonge ya unga, na mpishi wao kijana, Eliza Fenning, alishtakiwa kwamba aliweka sumu ya aseniki. Hakuna aliyekufa. Alikana hadi mwisho, lakini alinyongwa tarehe 26 Julai 1815, na umati mkubwa ulimsindikiza kaburini ukiamini hakutenda. Kipimo cha kuaminika cha kuonyesha aseniki, cha James Marsh, kilikuja mwaka 1836. Mpishi wako wa 1816 amesikia habari hiyo kama kila mtumishi wa Uingereza. Anajua kwamba sumu ikitajwa, macho yatageukia jikoni. Mwanzoni mwache kila mtu amshuku, ndivyo ingekuwa.

Njia ya kuua iwe afyuni. Iliyeyushwa kwenye pombe kali, ikauzwa madukani bila masharti, na watu waliinywa kwa kikohozi, kwa meno na kwa kukosa usingizi. Marehemu alikuwa akinywa matone yake kila jioni, na jioni hii kuna aliyeyazidisha. Usimtilie mtu sumu mezani. Wakati ule vyakula vya awamu moja viliwekwa vyote mezani kwa pamoja na watu wakapakuliana, kwa hiyo sumu kwenye bakuli ingeua nusu ya wageni. Marehemu amekutwa amekufa chumba cha kusomea kabla wageni hawajafika kwako. Huhitaji hata mtu wa kulala chini: koti kwenye kiti, miwani, glasi na kijaluba cha ugoro vinatosha.

Ushahidi ndio sehemu ninayoipenda kuliko zote, nivumilie nikirefusha. Hakuna alama za vidole. Mahakama za Uingereza hazikuzitumia mpaka miongo mingi baadaye. Lakini kuna mshumaa. Matajiri waliwasha nta ya nyuki, safi na yenye harufu nzuri. Jikoni na katika nyumba za wageni za bei nafuu waliwasha shahamu ya mnyama, yenye moshi na harufu ya mafuta yaliyochomwa. Barua iliyomwita marehemu chumba cha kusomea ina tone la shahamu. Basi haikuandikwa ghorofani. Kuna barua zenyewe: bahasha hazikutumika, karatasi ilikunjwa ikafungwa kwa lakiri, na aliyepokea ndiye aliyelipa ada ya posta. Barua isiyo na alama ya posta imeletwa kwa mkono, na mtu anajua ni mkono wa nani. Kuna sukari: waliopinga utumwa walianza kususia sukari ya West Indies, yaani visiwa vya Karibi, tangu 1791, kwa hiyo anayekataa sukari kwenye chai ndani ya nyumba ya tajiri wa sukari amesema jambo zito bila kufungua mdomo. Andika hilo kwenye kadi ya mgeni mmoja tu, kisha uone nani atagundua.

Na kuna saa, zawadi ya mji wako. Kabla ya reli kila mji ulifuata jua lake, na Bristol iko nyuma ya London kwa dakika 10 hivi. Saa ya jengo la Exchange, Corn Street, bado ina mishale miwili ya dakika, mmoja wa Bristol na mmoja wa London. Mpe mtanashati wako saa ya mfukoni iliyotangulia kwa dakika 10 kuliko saa ya sebuleni. Anadai amekaa Bath majuma mawili, na Bath inatofautiana na Bristol kwa dakika moja tu. Saa yake inasema ametoka London sasa hivi. Ukweli ni kwamba wakili alinunua hati zake zote za deni, na asubuhi angemkabidhi kwa wakamataji. Alifika jana usiku kwa siri, akalala nyumba ya wageni ya bei nafuu, akaandika ule mwito kwa mwanga wa shahamu.

Usimpe mtu mmoja ushahidi huu wote. Ugawe mara tatu: mtanashati ana saa, karani ana agizo kwenye kadi yake la kumwuliza kila mtu ni saa ngapi kwa kisingizio cha gari la posta, nahodha ana sentensi moja kwamba kila mji una saa yake na Bristol iko nyuma ya London. Kila kimoja peke yake ni maneno ya kawaida. Wakikutana watatu, fumbo limefunguka. Fanya vivyo hivyo kwa kila ushahidi mkubwa, na wageni wako watalazimika kuongea wao kwa wao badala ya kukutazama wewe.

Umeona tayari jibu la wale wageni wawili wenye haya. Mtu anayeona haya hasumbuliwi na mchezo. Anasumbuliwa na kuambiwa aigize. Mpe kazi badala ya hotuba. Karani anauliza saa. Muuza dawa anabeba daftari na kumwonyesha anayeomba kwa adabu. Nimeona watu wa namna hii wakiwa kiini cha karamu nzima kwa sababu kila mtu aliwafuata.

Kadi ziandike mapema na uzitume majuma manne kabla, zikiwa zimekunjwa na kufungwa kwa lakiri. Kila kadi iseme mambo manne: wewe ni nani, unajua nini, unaficha nini, unataka nini usiku huu. Hilo la nne wengi hulisahau, nalo ndilo linalomwinua mtu kitini. Sheria iwe hii: mtu aruhusiwe kukaa kimya, kukwepa na kubadili mazungumzo, lakini asikane kilichoandikwa kwenye kadi yake akiulizwa moja kwa moja, isipokuwa muuaji. Kwa sababu una wageni wa lugha mbili, andika kila kadi kwa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, na waache wachanganye.

Wewe usiwe mpelelezi. Polisi wa London waliundwa mwaka 1829; mwaka 1816 mji ulikuwa na makonstebo wa parokia wasio na mafunzo, na mahakimu. Lakini kulikuwa na mchunguzi wa vifo, afisa aliyekuwa akiita juri, yaani raia angalau 12, wautazame mwili na kusikia mashahidi, mara nyingi katika ukumbi wa baa iliyo karibu. Mchunguzi huyo awe wewe. Kwanza, unapata haki ya kumwita yeyote ajibu, kwa hiyo mchezo ukilegea unaukaza mwenyewe. Pili, wageni wako ni 12, idadi kamili ya juri. Historia isingekubali mshukiwa kuwa juri, karamu inakubali. Mwishoni kila mmoja anasimama, anasema jina na sababu, na wewe unaandika hukumu kwa kalamu ya bata.

Sebule ndogo haina shida, bali unahitaji vyumba viwili. Baada ya chakula wanawake waliinuka wakaenda chumba chao, wanaume wakabaki mezani na mvinyo, kisha wakaungana tena kwa chai. Desturi hiyo ni mtaji mkubwa. Wanawake wanapoingia chumba cha pili wakute barua mbili. Wanaume mezani waachiwe kijaluba cha ugoro chenye herufi zilizochorwa ndani. Kila upande una nusu ya habari, na chai inapomiminwa biashara inaanza. Dakika 20 zinatosha, zikizidi watu hupoa. Ratiba yangu ingekuwa hivi: kufika saa kumi na mbili na nusu jioni, kutambulishana na kuona chumba cha marehemu, mezani saa moja na nusu, kutengana saa tatu kasorobo, chai na majadiliano, juri saa tatu na nusu. Saa nne na nusu kila kitu kimejulikana na muziki unaweza kuanza.

Kuhusu chakula, desturi ya kuweka vyote mezani kwa pamoja inakupunguzia kazi ya kupakua. Anza na supu nyeupe ya lozi na krimu. Wao waliipika kwa nyama ya ndama, wewe tumia kuku wa halali. Fuatisha samaki, kuku wa kuoka, viazi, na usisite kupika mchuzi wa bizari na wali. Vitabu vya mapishi vya Uingereza vilikuwa na mchuzi huo tangu 1747, na mwaka 1810 Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Bihar, India, alifungua mgahawa wa vyakula vya Kihindi London. Katikati ya meza weka nanasi zima. Lilikuzwa kwenye vibanda vya vioo kwa gharama kubwa, na wapo waliolikodi kwa usiku mmoja ili lionekane tu. Kwa wasiokunywa pombe mpe kila mtu sharbati ya lozi na maji ya ndimu. Vyote viwili vilinywewa kwenye dansi za wakati ule, kwa hiyo hakuna atakayeonekana ametengwa. Chai ifungie kisandukuni na ufunguo uutundike kiunoni mwa mke wa tajiri, maana ndivyo walivyofanya, na ufunguo huo unaweza kuwa na kazi nyingine kwenye kisa.

Mavazi yasikutie hofu. Gauni la mwanamke lilifungwa chini kidogo ya matiti kisha likaanguka moja kwa moja hadi miguuni. Gauni refu la kulalia la pamba nyeupe, lenye mikono mifupi na utepe uliofungwa juu, linafika karibu sana na kweli, hasa ukiongeza glavu ndefu zinazopita kiwiko. Kitambaa chenyewe, melimeli nyembamba, kilitoka Bengali. Shali za Kashmir zilipendwa mno, na ua lake lenye shingo iliyopinda ni lilelile tunaloliita korosho kwenye kanga, kwa hiyo kanga yenye korosho ikitupwa begani inaelewana kabisa na mavazi hayo. Kilemba nacho kilikuwa fasheni ya jioni kwa mama wa heshima; wale waliozoea kufunga vilemba watapendeza kuliko wote bila kununua kitu.

Wanaume watafute koti jeusi la zamani kwenye duka la mitumba la hisani, wakate mbele hadi kiunoni na kuacha mikia nyuma. Kizibao cheupe, suruali iliyokatwa chini ya goti, soksi ndefu nyeupe. Cha muhimu ni shingo: kipande cha melimeli chenye urefu wa mita 1 na nusu au zaidi, kizungushwe mara mbili juu ya kola iliyosimama, kifungwe mbele. Mtu akivaa hivyo hawezi kuinamisha kidevu, na papo hapo anaanza kutembea kama bwana wa 1816. Ukikosa fedha za vyote, tumia kwa shingo na glavu. Wenye ndevu wabaki na ndevu zao.

Jambo moja la usalama, na hili ni amri. Melimeli inashika moto haraka, na wanawake wa wakati ule waliungua kwa ajili hiyo. Mishumaa ya moto iwe mezani tu, imesimama kwenye vinara vizito. Sakafuni, ngazini na kwenye chumba cha pili weka ya betri. Tone la shahamu kwenye barua litengeneze mchana, siku moja kabla, na barua hiyo uihifadhi jikoni mbali na mafuta mengine.

Halafu andika suluhisho lote kwenye ukurasa mmoja: nani, kwa nini, lini, na ushahidi gani uko kwa nani. Nakala moja iwe mfukoni mwako, nyingine umpe mtu asiyecheza. Mgeni akiugua mchana wa karamu, angalia ukurasa huo, uone alikuwa amebeba ushahidi upi, uhamishie kwa jirani yake wa mezani. Mchungaji na mjane wanaweza kukosekana bila kisa kuharibika. Mtanashati, karani na nahodha hawawezi. Hao wapigie simu asubuhi kuhakikisha wanakuja.